Mashine ya Waya

Kutu imelila lango, chumvi haina adabu,
Bawaba zina mapengo, mbuzi wamepata jibu,
Wakavuka kwa maringo, muhogo wakaharibu.
Fundi Tsuma kwenye simu, hujibu, “Nipo njiani.”

Njiani wiki ya tatu! Mwakirunge si Ulaya.
Pesa za mayai yetu, si nyingi, tena si mbaya,
Nikamwambia, “Mwanetu, kuna mashine ya waya
Ya kuchomelea vyuma; vaa viatu, mjini!”

Mbeyu, bintiye dadangu, chuo kahitimu vyema,
Ana kovu la uchungu mkononi, la kuchoma.
Akauliza, “Mamangu, unene gani wa chuma?
Bati, bomba au jembe? Anza kupima shambani.”

Kwa rula ya kijukuu: lango, milimita mbili;
Toroli, na lake guu, tatu, kutu weka mbali;
Tela langu kuukuu, sita, hiyo ni jabali.
Nikayaandika yote, kwa kalamu, kiganjani.

Duka la Mwembe Tayari, muuzaji ana meno.
Akanisifu, “Hodari, wewe mama wa mfano,
Hii hapa ni fahari, nguvu zake mia tano!”
Imetuna kama ng’ombe, na magurudumu chini.

Mbeyu nyuma kainama, akasoma kibandiko.
Akasema, “Huyu mama fezi tatu hana huko.
Ana moja ya huruma, kila jioni mshuko;
Jirani apige pasi, taa hufifia ndani.”

Akashusha ya kiasi, na mtungi wake upo.
“Hushona kama libasi!” — “Mradi si kwa upepo.
Upepo ukiwa kasi, gesi hupaa, haipo,
Hubaki tundu kwa tundu, kama kibibi jikoni.”

Kwangu mimi ni kilima, upepo hauna bwana,
Leso huanika nyuma, jirani wakagawana.
Mbeyu akasema, “Hima, lete wa unga, kijana,
Hujifukiza wenyewe, moshi hutokea ndani.”

Ikaja ya njia mbili, unga na gesi hushika,
Kilo kumi, si kamili, begani naipachika.
Mbeyu kauliza swali, “Dakika ngapi huchoka?”
“Tatu kwa kumi,” kajibu, akitazama rafuni.

Tatu kuchoma, na saba kupoa na kutulia?
Nami ndiyo yangu tiba, umri umefikia.
Nitakunywa ya kushiba kahawa nikingojea,
Tutazeeka pamoja, mimi nayo, kivulini.

Bei ikateremka, nikasahau kofia.
“Kipuri cha jicho, kaka, hakiuzwi Kongowea!”
Mbeyu alivyotamka, bwana akaiachia.
Kioo chake cheusi, ni usiku mfukoni.

Mshono wangu wa kwanza, mavi ya kuku ni bora.
Wa pili ukaniponza, tundu kupita mpira.
Wa tatu nikajifunza kuchoma bila papara,
Sauti ikageuka: bajia zi karaini.

Usiku naifunika kwa gunia la mchele,
Waya wake nauweka ndani ya debe la kale,
Chumvi ipate kuchoka, isiipate milele.
Bahari ina subira, hula chuma kwa amani.

Sasa lango lasimama, lina kovu kama letu,
Mbuzi wanalitazama, hawana usemi katu.
Jana hodi, ndiye Tsuma, amechoka, ana kutu.
Kaligonga kwa kidole, kauliza, “Fundi nani?”

Nikamwekea kahawa, akainywa polepole.
Akauliza, “Ni sawa nikiiazima ile?”
Nikajibu, “Itakuwa, rudi kwako ukalale.
Subiri, nitaileta, mwenzio nipo njiani.”